Fonti Isiyolijua Jina Lako



Nilipokubali kuja kuzungumzia fonti za kujichagulia katika tovuti, rafiki yangu mmoja alicheka. "Saa nzima juu ya herufi? Utawalaza watu." Nikamjibu kwamba nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa sijapata kumwona mtu akisinzia wakati mwenzake anaumbuka.

Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza tovuti ya wachapishaji fulani wa vitabu jijini Nairobi. Ukurasa walioujali kuliko kurasa zote ulikuwa wa waandishi: jina kwa herufi kubwa zilizonenepa, picha, kisha orodha ya vitabu. Nilitafuta fonti kwa wiki mbili. Nikapata moja yenye vile vijiguu kwenye ncha za herufi ambavyo wachapaji huviita serifu, fonti iliyotulia kama mtu aliyezoea kuhutubia. Kasoro yake ilikuwa uzito. Ndani ya faili mlikuwa na herufi za Kigiriki, za Kirusi, za Kivietinamu, na mimi sikuwa na Mrusi hata mmoja kwenye orodha yangu. Nikalikata. Nikabakiza Kilatini cha kawaida tu, faili likashuka chini ya kilobaiti 30, nikajipongeza.

Tovuti ilipopanda hewani, simu ya kwanza haikutoka kwa mkurugenzi. Ilitoka kwa msahihishaji wao wa prufu, mzee aliyeanza kazi enzi ambazo herufi zilikuwa vipande vya risasi vinavyopangwa kwa vidole. Akasema, "Kijana wangu, hili jina la Ngũgĩ, herufi mbili humu ndani zimepanga tu. Si za nyumba hii."

Nikafungua ukurasa. Kweli. N na zile g mbili zilikuwa nene, zenye vijiguu, zangu. ũ na ĩ zilikuwa nyembamba, kavu, hazina vijiguu, zimesimama katikati ya jina kama watu waliokwenda msibani na nguo za harusi. Na jina lenyewe ni la nani? Ni la Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeiacha riwaya ya Kiingereza akaandika kwa lugha ya Gĩkũyũ, aliyeanza kuandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za chooni akiwa gereza la Kamiti mwaka 1978. Yeye alipata mahali pa kuziandika herufi zake hata gerezani. Mimi, mwenye kompyuta na kiyoyozi, nimezitia viraka. Utaniuliza, hukukagua? Nilikagua, tena sana. Nilikagua kabla ya kukata.

Ili twende pamoja, niseme kwanza fonti ya tovuti inafanyaje kazi. Zamani ukurasa ulitumia fonti zilizokuwa tayari ndani ya kompyuta ya msomaji. Fonti ya kujichagulia huletwa: faili linakaa kwenye seva, ukurasa unaliita, kivinjari kinalipakua, kisha kinayavalisha maneno. Sasa, kivinjari hakisomi jina. Kinashika herufi moja moja na kuuliza: fonti hii inayo? Inayo, weka. Haina, nenda kwa inayofuata kwenye foleni aliyoiandika mtengenezaji. Foleni ikiisha, chukua yoyote iliyomo ndani ya simu. Kazi hii hufanyika kimyakimya, hakuna anayepewa taarifa, si mtengenezaji wala msomaji. Ikiwa hakuna fonti hata moja yenye herufi hiyo, kinawekwa kisanduku kitupu. Watu wa fani hii huko nje wanakiita tofu, kwa jina la kile chakula cha soya kinachokatwa vipande vya mraba, na Google walipotengeneza ukoo wao mkubwa wa fonti za maandishi ya dunia nzima waliuita Noto, maana yake pasiwe na tofu tena. Mafundi wetu wa ujenzi wangekiita tofali.

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: orodha inayoitwa Kilatini cha kawaida, kama haina ũ wala ĩ, ina nini? Niliichapa nikaikagua mstari kwa mstari. Ina þ na ð za watu wa Aislandi. Ina ß ya Wajerumani na ø ya Wadenmaki. Orodha hiyo imerithi mpangilio uitwao ISO 8859-1, wa mwaka 1987, uliotungwa kwa kuzitazama lugha za Ulaya Magharibi na kuzibana katika nafasi 256. Aislandi ina watu takriban laki 4. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu Wagĩkũyũ zaidi ya milioni 8, na Wakamba, ambao nao huandika kwa ĩ na ũ zizo hizo, zaidi ya milioni 4.6. Sidhani kama kuna aliyekaa chini akakusudia kuwanyima. Waliokuwa mezani waligawana viti, na waliokuwa shambani hawakuulizwa. Herufi zenyewe zimo katika Yunikodi, ile orodha kuu ya herufi za kompyuta, kwa miaka mingi, zinakaa mtaa wa pili tu, katika kundi la Kilatini cha nyongeza. Ni sisi wakataji tusiovuka barabara kwenda kuzichukua. Nami nilipovuka, nikaziongeza zile nne, kubwa mbili na ndogo mbili, faili halikuongezeka hata kilobaiti moja, maana ndani ya fonti ũ mara nyingi ni ileile u iliyovishwa kiwimbi kichwani.

Huduma ya Google Fonts, iliyoanza mwaka 2010, ilikuwa zamani ikikutaka ulitaje kundi hilo la nyongeza ndipo upewe. Siku hizi inayagawa mafaili yenyewe, na kivinjari hupakua kundi pale tu ukurasa unapokuwa na herufi yake. Ni mpango mzuri. Lakini wengi wetu tunapakua faili moja, la kwanza kwenye orodha, tunaliweka kwenye seva yetu, tunakwenda kunywa chai.

Hapa msikilizaji wa Dar es Salaam au Zanzibar anaweza kusema: hayo ni ya Wakenya, Kiswahili hakina viwimbi. Ni kweli, na tumeponea chupuchupu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mambo mawili yalitokea. Mombasa, mwaka 1928, ulifanyika mkutano uliokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Miaka hiyohiyo taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Kiafrika iliyokuwa London ilitoa pendekezo la alfabeti kwa lugha za bara hili, na ndani yake sauti ya mwanzo ya neno ng'ombe ilipewa herufi moja, ŋ, ile n yenye mkia. Lugha kadhaa za Afrika ziliichukua. Kiswahili kilibaki na n, g na ritifaa, vitu ambavyo kila sanduku la mchapaji lilikuwa navyo tayari. Kwa hiyo maandishi ya Kiswahili sanifu hayahitaji herufi yoyote nje ya orodha ya herufi za kompyuta ya mwaka 1967. Ndiyo maana mbunifu wa huku anaweza kufanya kazi miaka kumi asikutane na tofali hata moja, akaamini kwamba fonti zote zinajua kila kitu, mpaka siku anapopata kazi ya Nairobi.

Lakini ritifaa nayo ina vituko vyake, na hili nitalikalia kidogo kwa sababu naliona kila siku na silisikii likisemwa. Mchoraji wa fonti hachori herufi tu, hupanga pia nafasi kati ya jozi za herufi. A na V zikikaa pamoja huzisogeza zikaribiane, la sivyo panabaki uwazi. Kazi hiyo huifanya kwa lugha anazozijua. Katika Kiingereza, baada ya ritifaa mara nyingi inakuja s au t. Mara ngapi mchoraji wa London au Berlin ameiona g, ritifaa, kisha o? Matokeo yake, katika fonti fulani za mapambo, ng'ombe anakatika mara mbili: ng' halafu ombe, na katikati pana pengo ambalo ng'ombe mwenyewe angepita. Kwenye maandishi madogo hulioni. Kwenye kichwa cha habari kilichojaza kioo cha simu, unaliona toka mbali.

Tena ritifaa ziko mbili, iliyonyooka na iliyopinda. Mhariri akiandika kichwa cha habari kwenye programu ya kompyuta, programu inaipinda bila kumwuliza. Mwandishi wa habari akituma maelezo kwa simu, inakuja iliyonyooka. Ukurasa mmoja, ng'ombe wawili. Fonti nyingine imeichora ile iliyonyooka kama msumari, na iliyopinda kama mkia wa kambare, hata hazifanani undugu. Na msomaji anapotafuta neno ndani ya tovuti kwa ritifaa ya simu yake, anaweza kujibiwa kwamba hakuna ng'ombe, na huku zizi limejaa.

Kuna mtego mwingine. Chukueni neno Ilala. Andikeni kwa fonti isiyo na vijiguu kama Arial. Mtaona vijiti viwili vimesimama sambamba, halafu a. Cha kwanza ni I kubwa, cha pili ni l ndogo, na hakuna mtu awezaye kuvitofautisha kwa macho. Sisi wenyeji tunajua kuna wilaya inaitwa Ilala, kwa hiyo tunasoma kwa kumbukumbu. Mtoto wa darasa la pili hana kumbukumbu hiyo. Kiingereza kinakutana na jozi hiyo mara chache, lakini sisi? Ilani. Ilemela. Iliyopo. Na hadithi ngapi zinafunguliwa kwa neno Ilikuwa?

Yuko mtu aliyeliona hili, ingawa hakuwa akiifikiria Ilala. Anaitwa Matthew Carter, Mwingereza, ambaye katika ujana wake miaka ya 1950 alijifunza kuchonga herufi za chuma kwa mkono huko Haarlem, Uholanzi. Microsoft walipotaka fonti za kusomeka kwenye kioo cha kompyuta walimwendea yeye, na mwaka 1996 zikatoka Verdana na Georgia, bure kwa kila mtu. Kwa Verdana aliugeuza utaratibu. Badala ya kuchora umbo zuri kisha kulilazimisha liingie kwenye nukta chache za kioo cha wakati ule, alianza na nukta zenyewe, akapanga zipi ziwake na zipi zizime, kisha ndipo akachora umbo kuzizunguka. Mtu aliyezoea chuma alijua kwamba chombo ndicho kinachoamua. I kubwa akaivalisha vibao viwili, juu na chini. Iandikeni Ilala kwa Verdana mwone.

Georgia nayo ni nzuri mno kwa hadithi, lakini tarakimu zake zinapanda na kushuka: 3, 4, 5, 7 na 9 zinaning'iniza miguu chini ya mstari, 6 na 8 zinainua vichwa, 0, 1 na 2 zinabaki fupi. Ndani ya sentensi zinapendeza. Kwenye jedwali la bei za mahindi na mchele zinaleta fujo. Nimeona tovuti ya duka moja ambapo mteja alidhani sifuri ni herufi o. Ukichagua fonti ya tovuti yenye bei, anza na tarakimu, herufi zitafuata. Tafuta zile zenye upana sawa, ili 1 isikae karibu zaidi kuliko 8 na safu ya shilingi ikapinda kama njia ya ng'ombe.

Nimekaa kwenye fonti hizi kongwe makusudi. Ipo dhana, hasa kwa vijana waliotoka chuoni juzi, kwamba kutumia fonti iliyomo ndani ya mashine ya msomaji ni umaskini. Mimi nasema fonti ya kujichagulia ni mgeni. Mgeni anakaribishwa, lakini asichelewe, na ayajue majina ya watu wa nyumba anayoingia.

Tulifikaje hapa? Kwa haraka tu. Lugha ya mitindo ya kurasa ilikuwa na amri ya kuita fonti kutoka kwenye seva tangu mwaka 1998, lakini vivinjari havikuelewana juu ya aina ya faili, na wenye fonti waliogopa kuibiwa. Katikati, sisi tulikuwa tunachora vichwa vya habari kama picha, kazi ya kishenzi: ukikosea herufi moja unarudi kuchora upya, na kipofu anayesomewa ukurasa na mashine hasikii kitu. Safari ya Apple iliufungua mlango mwaka 2008, Firefox ikafuata mwaka 2009. Ikaja aina ya faili iliyokusudiwa tovuti, WOFF, iliyopitishwa rasmi mwaka 2012, na mdogo wake WOFF2 mwaka 2018, ambaye hulibana faili kiasi kwamba uzito mmoja wa herufi za Kilatini huweza kuingia katika kilobaiti 15 hadi 30. Mkiona leo mtu anaweka faili la TTF zima, aina ya zamani isiyobanwa hivyo, kwenye tovuti, mwambieni kwa upole.

Nirudi kwenye kuchelewa. Nilikuwa ndani ya basi kutoka Morogoro kwenda Dodoma, tumeipita Gairo, mtandao unakuja na kuondoka. Nikafungua habari. Nembo ya gazeti ikatokea. Picha ikatokea. Tangazo la sabuni likatokea, tena lilikuwa linacheza. Maneno hayakuwepo. Palikuwa na weupe. Jirani yangu akachungulia kwenye kioo akaniuliza, "Wamegoma kuandika?"

Maneno yalikuwa yameshafika zamani. Habari ya maneno 500 ina uzito wa kilobaiti 4 hivi, hakuna kitu chepesi kama hicho kwenye ukurasa. Kilichokuwa kinasubiriwa ni nguo. Kivinjari kikiambiwa kuna fonti ya kujichagulia na haijafika, kwa kawaida hukaa kimeyaficha maneno hadi sekunde 3, kikitumaini itafika. Gazeti lile lilikuwa limeita mitindo 6: ya kawaida, nzito, nzito zaidi, nyembamba, ya mlazo, nzito ya mlazo. Piga hesabu ya kilobaiti 25 kwa kila mmoja, unapata 150. Yaani umekodi lori kupeleka bahasha, na mwenye bahasha ndiye anayelipia mafuta, kwa bando lake.

Dawa ni mstari mmoja wa msimbo, font-display. Ukiuandikia swap, maneno yanaonekana papo hapo kwa fonti ya simu, na mgeni akifika wanabadilishana. Ila swap ina ubaya wake, ukurasa unaruka. Fonti ya pili ikiwa pana kuliko ya kwanza, mistari inasukumana, kidole chako kilichokuwa kinakwenda kwenye habari ya mpira kinaangukia tangazo. Siku hizi unaweza kuibana au kuitanua fonti ya akiba ilingane na mgeni kwa upana na kimo, ili wakibadilishana nyumba isitikisike. Ni kazi ya nusu saa, wachache wanaifanya. Mimi napendelea thamani nyingine, optional: fonti isipowahi, basi, ukurasa huu uishe bila yake, itatumika kwenye ukurasa unaofuata ikiwa imeshafika. Wateja wangu hawaipendi. Wamelipia fonti, wanataka ionekane. Nimegombana na mmoja hadi akanipeleka kwa bosi wake. Tukafungua tovuti yake kwenye simu ya mlinzi wa getini, na ule mjadala ukawa mfupi.

Simu ya mlinzi ilikuwa na Opera Mini. Nadhani wengi hapa mnaijua, kivinjari kinachoufinya ukurasa kwenye seva zake kabla ya kukuletea, ili bando lidumu. Katika hali yake ya kufinya kabisa hakileti fonti za kujichagulia hata kidogo. Kwa maandishi hakuna hasara, yanasomeka kwa fonti ya simu. Hasara iko kwa wabunifu wanaotumia fonti za alama, zile ambazo badala ya herufi zina kikapu cha kununulia, kioo cha kutafutia, mistari mitatu ya menyu. Kwa mlinzi yule, kitufe cha kununua kilikuwa tofali. Menyu ilikuwa tofali. Duka zima lilikuwa ukuta.

Kuhusu idadi ya mitindo, ushauri wangu ni miwili: wa kawaida na mzito. Usipouleta mzito, kivinjari kitaughushi kwa kuupaka ule wa kawaida wino pembeni, na macho ya msahihishaji wa Nairobi yatauona. Kuna fonti zinazonyumbulika, zilizotangazwa Septemba 2016 huko Warsaw na Adobe, Apple, Google na Microsoft kwa pamoja, ambapo faili moja linabeba unene wote toka mwembamba hadi mnene. Ni ufundi wa ajabu, lakini faili moja hilo ni zito kuliko faili la mtindo mmoja. Kama unatumia mitindo miwili tu, pima kwanza.

Niseme neno juu ya hati yetu ya kale, kwa sababu wako hapa watu wa Pwani. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne kadhaa kabla ya kuandikwa kwa Kilatini, na sasa wapo wanaoweka tenzi za zamani kwenye tovuti kwa hati yake ya asili. Hapa fonti isiyolijua jina haikutii aibu tu, inavunja neno. Herufi ya Kiarabu hubadilika sura kufuatana na mahali ilipo, mwanzo, katikati au mwisho, na hushikana mkono na jirani yake. Kiswahili kina sauti za p, ch na v ambazo Kiarabu hakina, kwa hiyo waandishi waliongeza nukta kupata herufi zake. Fonti iliyochorwa kwa ajili ya Kiarabu pekee inaweza kukosa hizo. Kivinjari kinakwenda kuazima kwingine, na herufi ya kuazimwa ikitoka kwenye fonti tofauti mkono haufiki: mstari wa wino unaotakiwa uteleze unakatika, au unaungana kwa ngazi. Na ukiikata fonti hiyo ovyo ili kupunguza kilobaiti, kama nilivyofanya mimi, unaweza kulitupa jedwali linaloziambia herufi zishikane, zikabaki zimesimama moja moja. Kwa kazi hii naitumia Scheherazade New, ya shirika la SIL, iliyotengenezwa ikijua kwamba hati ya Kiarabu si ya Kiarabu pekee.

Leseni nizipitie haraka, wanasheria hawakunialika. Kununua fonti kwa ajili ya kompyuta yako hakukupi ruhusa ya kuipandisha kwenye seva, hizo ni leseni mbili. Fonti zenye Leseni Huria ya Fonti ya SIL unaruhusiwa kuzitumia, kuziweka kwenye tovuti, hata kuzibadilisha, ila usiziuze peke yake, na nyingine zinakutaka ubadilishe jina ukishazigusa. Na fikirini mara mbili kabla ya kuziita fonti toka kwenye seva ya kampuni nyingine. Januari 2022 mahakama ya Munich, Ujerumani, iliamuru mwenye tovuti amlipe mgeni wake euro 100, kwa sababu kuzileta fonti toka seva za Google kuliipeleka anwani ya mtandao ya mgeni huyo Marekani bila idhini. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, Tanzania tangu 2022. Wekeni faili kwenye seva yenu. Ile faida ya zamani, kwamba msomaji huenda ameshaipakua fonti hiyohiyo kwenye tovuti nyingine, imekwisha, maana vivinjari vikubwa sasa huzitenga akiba za kila tovuti.

Kabla ya maswali, niitaje fonti moja yenye jina letu. Inaitwa Andika. Hilo ndilo jina lake rasmi, neno la Kiswahili, ingawa ni ya SIL haohao. Imechorwa kwa ajili ya watu wanaoanza kujifunza kusoma: a yake ni ile ya mviringo na mguu ambayo mwalimu huiandika ubaoni, na herufi zinazofanana zimetenganishwa makusudi ili mwanafunzi asizichanganye. ũ inayo, ĩ inayo, hata ŋ tuliyoikataa inayo. Naitumia kwenye kurasa za watoto na za kisomo cha watu wazima. Kwenye kichwa cha habari za siasa sijaiweza, ukurasa wote unanukia daftari.

Na kwa wanaotaka kujua, mimi na yule mzee wa Nairobi tulipatana. Nilirudisha zile herufi nne, kisha nikamwomba anikagulie sentensi moja ya kujaribia fonti kabla sijamwonyesha mteja yeyote. Waingereza wanayo ya mbweha na mbwa, haitufai. Nikatunga yangu: Ilani, ng'ombe 1,790 wa Mũthoni na Wambũi, wakazi wa Ilala, wameuzwa kwa 35,640,000/=, asema Ngũgĩ. Nikaichapa kwa fonti tano kwenye karatasi tano, nikampelekea ofisini.

Alivaa miwani. Akazipitia karatasi zote bila kusema, kidole kikitembea chini ya mstari, kikisimama kwenye ũ, kwenye ritifaa, kwenye I na l. Nne akazisukuma pembeni. Ya tano akabaki nayo muda mrefu, nikajua nimefaulu. Ndipo akachukua kalamu nyekundu, akapiga hesabu pembeni mwa karatasi, akaizungushia bei duara.

"Herufi sina neno nazo," akasema. "Lakini ng'ombe kwa elfu ishirini kasoro? Hawa ni wa wizi."